Hatua Zako kwa Siku ni Ngapi?



Katika somo la leo tutazungumza juu ya kutembea. Huenda ukacheka ukasema, "Mimi nimetembea tangu nikiwa na mwaka mmoja, nitafundishwa nini tena?" Ni kweli, kutembea unakujua. Lakini tukikuuliza jana ulipiga hatua ngapi, utajibu nini? Na tukikuuliza kama hatua hizo zinatosha kuulinda mwili wako, je, utakuwa na jibu? Watu wengi hawana. Ndiyo sababu tumeleta somo hili.

Ukisoma somo hili mpaka mwisho utaweza:

1. Kujua kama uzito wako umezidi au haukuzidi.
2. Kueleza kihesabu hatua ni kitu gani na kinafanyaje kazi.
3. Kuhesabu hatua zako, kwa kifaa au bila kifaa, na kuziongeza kidogo kidogo.
4. Kueleza kwa nini kutembea peke yake hakupunguzi uzito haraka, na nini kifanyike.

KWA NINI SOMO HILI?

Mwaka 1973 nchi yetu ya Tanzania iliendesha kampeni kubwa ya elimu kwa jina la "Mtu ni Afya". Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Maadui waliokuwa wakipigwa vita ni malaria, kuhara, kichocho, safura na kifua kikuu. Maadui hao bado tunao. Lakini siku hizi wamekuja na wengine wasioletwa na mbu wala na maji machafu. Hao ni shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo. Kinachowafungulia mlango mara nyingi ni unene uliozidi na kukaa bila kutumia mwili.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi. Wa mijini walikuwa wengi kuliko wa vijijini, lakini vijijini nako hawakukosekana.

Hebu tazama kijiji chako. Mkulima anayekwenda shamba kwa miguu na kushika jembe mpaka saa sita hana haja kubwa ya somo hili wakati wa kilimo. Lakini mtazame mwenye duka anayekaa nyuma ya meza tangu asubuhi hadi usiku. Mtazame fundi cherehani, karani wa ghala, mwalimu, dereva wa bodaboda. Tazama pia jinsi tunavyosafiri. Mahali tulipokuwa tukienda kwa miguu kwa nusu saa, leo tunapanda pikipiki kwa dakika tano. Bomba la maji limesogea karibu, na mashine ya kusaga iko jirani. Hayo ni maendeleo, wala hatusemi turudi nyuma. Tunasema tu kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa na miguu imepungua, lakini sahani ya chakula haikupungua.

Hata mkulima mwenyewe yafaa ajiangalie. Baada ya mavuno, chakula ni kingi na jembe limepumzika. Miezi hiyo ndiyo hatua hupungua na uzito ukaongezeka.

JE, UZITO WAKO UMEZIDI?

Usijipime kwa macho, wala kwa maneno ya watu. Jipime kwa mizani na kwa futi ya fundi cherehani.

Njia ya kwanza. Pima uzito wako kwa kilo na urefu wako kwa mita. Zidisha urefu kwa urefu, kisha gawanya uzito kwa jibu ulilopata. Tuchukue mfano wa mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 80:

1.60 × 1.60 = 2.56
80 ÷ 2.56 = 31

Kwa mtu mzima, jibu likiwa kati ya 18.5 na 24.9, uzito ni mzuri. Likiwa 25 hadi 29.9, uzito umezidi. Likifika 30 au zaidi, huo ni unene wa kupita kiasi. Mama huyu ana 31, kwa hiyo ameingia katika kundi la tatu. Jibu likiwa chini ya 18.5, mtu huyo amekonda mno. Yeye hatakiwi kupunguza uzito, anatakiwa kula vizuri na kwenda zahanati kuangaliwa. Mama mjamzito asitumie hesabu hii.

Njia ya pili. Zungusha futi kiunoni juu ya mfupa wa nyonga, usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanamume akizidi sentimita 94, ajue kwamba mafuta ya tumboni yameanza kuwa hatari. Mafuta ya tumboni ni mabaya kuliko ya mapajani, kwa kuwa yanazunguka maini na matumbo na kuvuruga kazi ya sukari mwilini.

Kama huna mizani nyumbani, nenda zahanati. Hata mizani ya ghala la mazao inafaa, ilimradi utumie hiyohiyo kila mara.

KIHESABU HATUA NI NINI?

Kihesabu hatua ni kifaa kidogo kinachohesabu kila hatua unayopiga na kukuonyesha jumla yake. Kiko cha aina tatu.

Aina ya kwanza huvaliwa kiunoni, kikabanwa kwenye mkanda au kwenye ukosi wa sketi. Kile cha zamani kina kijiti kidogo kilichoshikwa na springi ndani yake. Kila mguu unapokanyaga, nyonga hutikisika, kijiti hupanda na kushuka, na kifaa huongeza moja. Aina ya pili huvaliwa mkononi kama saa. Aina ya tatu imo ndani ya simu. Simu nyingi za kupapasa zina kipande kidogo sana kinachohisi mtikisiko wa mwili na kuugeuza kuwa hesabu ya hatua. Kwa hiyo huenda kifaa unacho tayari mfukoni na hujui. Mwombe kijana wa nyumbani akutafutie mahali pa afya katika simu yako. Simu ya kitochi kwa kawaida haihesabu hatua, lakini usikate tamaa, maana tutaeleza njia nyingine.

Kifaa kina mipaka yake, na ni lazima uijue:

(a) Simu ikibaki mezani, hatua zako hazihesabiwi.

(b) Kifaa hakijui mzigo. Hatua 500 ukiwa na ndoo ya maji kichwani zinatoa jasho kuliko hatua 500 mikono mitupu, lakini kifaa kitaandika 500 tu.

(c) Kifaa hakioni vizuri kazi ya kulima, kutwanga, kupasua kuni au kuendesha baiskeli. Siku ya jembe hatua zaweza kuwa chache, na kumbe umefanya kazi kubwa. Siku hiyo andika "nimelima" katika daftari, wala usijilaumu.

(d) Mtikisiko wa pikipiki katika barabara mbovu waweza kuhesabiwa kama hatua. Hizo si zako.

NAMBA 10,000 ILITOKA WAPI?

Pengine umesikia watu wakisema kwamba kila mtu lazima atembee hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo haikutoka kwa madaktari. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki kufanyika Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani ilianza kuuza kihesabu hatua kilichoitwa manpo-kei. Maana ya jina hilo ni "kipimo cha hatua 10,000". Lilikuwa jina zuri la kuuzia bidhaa, likakaa midomoni mwa watu, likaenea dunia nzima.

Baadaye wataalamu walipima wenyewe. Mwaka 2019 daktari I-Min Lee na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake karibu 17,000, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 72. Waliokuwa wakipiga hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliokuwa wakipiga hatua 2,700. Faida iliendelea kupanda mpaka kama hatua 7,500, kisha ikasimama. Ni kweli kwamba mtu mwenye afya hutembea zaidi kuliko mgonjwa, na watafiti walilizingatia jambo hilo, lakini faida bado ilionekana. Mwaka 2022 tafiti 15 kutoka mabara mbalimbali, zenye watu zaidi ya 47,000, ziliunganishwa. Ilionekana kwamba kwa watu wenye miaka 60 na zaidi faida hufika kileleni kwenye hatua 6,000 hadi 8,000. Kwa walio chini ya miaka 60 ni hatua 8,000 hadi 10,000.

Tunajifunza nini hapo? Kwanza, aliye na hatua chache ndiye anayepata faida kubwa akiongeza. Anayetoka 2,500 kwenda 4,500 amefanya jambo kubwa kwa afya yake, ingawa hajaikaribia 10,000. Pili, mzee wa miaka 70 asijitese kwa namba ya kijana.

NAMNA YA KUANZA

Hatua ya kwanza: Jipime kwa wiki moja bila kubadili lolote. Usijikaze, usijionyeshe. Ishi kama siku zote. Kila usiku kabla ya kulala andika hesabu katika daftari. Tuseme yule mama wa kilo 80 ni mwenye duka, na daftari lake linasomeka hivi:

Jumatatu 3,100
Jumanne 2,800
Jumatano 3,600
Alhamisi 2,900
Ijumaa 3,400
Jumamosi 4,700 (siku ya gulio)
Jumapili 2,600

Jumla ni 23,100. Gawanya kwa siku 7, unapata 3,300. Huo ndio wastani wake, na hapo ndipo atakapoanzia.

Hatua ya pili: Weka lengo. Mwaka 2007 wataalamu walikusanya tafiti 26 za watu waliotumia vihesabu hatua. Waliona kwamba watu hao waliongeza kutembea kwa zaidi ya robo ya hatua zao za awali, na shinikizo la juu la damu likashuka karibu alama 4. Lakini jambo kubwa waliloliona ni kwamba walionufaika ni wale waliojiwekea lengo la hatua. Kuvaa kifaa bila lengo ni kama kununua mizani ya duka na kuuza kwa kukisia.

Lengo liwe la kuongeza hatua 1,000 kwa siku, nalo likae wiki mbili. Likizoeleka, ongeza 1,000 nyingine. Mama wetu ataenda hivi:

Wiki ya 1 na 2: hatua 4,300
Wiki ya 3 na 4: hatua 5,300
Wiki ya 5 na 6: hatua 6,300
Wiki ya 7 na 8: hatua 7,300

Kama lengo la wiki fulani limekushinda, usiliache daftari. Rudia wiki hiyohiyo. Kama hata 1,000 ni nyingi kwako, anza na 500.

Hatua ya tatu: Tafuta mahali pa kuziweka hizo hatua. Mwenye duka atasema hana nafasi. Lakini hatua 1,000 ni kama dakika 10 tu za kutembea kwa haraka. Anaweza kwenda kufungua duka kwa njia ndefu. Anaweza kwenda kwa miguu msibani, kwenye mkutano wa kijiji au kwenye ibada badala ya kuita bodaboda. Wakati wateja hawapo, na asimame, azunguke duka, apange bidhaa. Akiwa na wenzake wawili watatu, watembee pamoja jioni kabla ya giza. Mwenye kisukari au aliye karibu nacho hufaidika sana akitembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huichukua sukari kutoka katika damu.

Hatua ya nne: Angalia mwendo. Kutembea kwa kuburuta miguu kuna faida, lakini mwendo wa haraka una faida zaidi. Hatua 100 kwa dakika moja ni mwendo mzuri kwa mtu mzima. Dalili yake ni kwamba unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo kama huo kwa wiki. Dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, zinatosha kufikia 150.

KAMA HUNA KIFAA

Usikope fedha kwa ajili ya kununua kifaa. Kuna njia tatu.

Njia ya punje. Chukua punje 20 za mahindi, weka katika mfuko wa kulia. Mama aweza kuzifunga katika pindo la kanga. Tembea ukihesabu mguu wa kulia tu. Ukifika 50, umepiga hatua 100, kwa maana kila mguu wa kulia una wa kushoto wake. Hamisha punje moja. Punje zote 20 zikihama, umepiga hatua 2,000.

Njia ya kamba. Pima kamba ya mita 20, itandaze chini, tembea kandokando yake kwa mwendo wako wa kawaida na uhesabu hatua. Tuseme umepata 28. Kilomita moja ina mita 1,000, yaani kamba 50. Basi 28 × 50 = 1,400. Hizo ni hatua zako katika kilomita moja. Ukijua umbali kutoka nyumbani hadi shuleni, umejua hatua zake.

Njia ya saa. Tembea kwa haraka ukitazama saa. Kila dakika 10, andika hatua 1,000.

Kwa njia hizi hutapata hatua zote za siku nzima, kama za jikoni na uani. Haidhuru. Hesabu zile ulizoziongeza makusudi, ndizo zenye kazi.

JE, UZITO UTAPUNGUA?

Sasa ndugu msomaji, soma sehemu hii kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo wengi huvunjika moyo.

Nguvu iliyo katika chakula hupimwa kwa kalori. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina akiba ya kalori 7,700 hivi. Mama wetu ameongeza hatua 4,000 kwa siku, yaani karibu kilomita 3. Kwa uzito wake wa kilo 80, mwendo huo hutumia kama kalori 150. Gawanya 7,700 kwa 150. Unapata siku 51. Maana yake ni kwamba, akila vilevile kama zamani, atahitaji wiki saba kupunguza kilo moja.

Na hivyo ndivyo ilivyoonekana kwa watu wenyewe. Mwaka 2008 zilikusanywa tafiti 9 za watu waliotembea kwa kihesabu hatua bila kubadili chakula. Kwa wastani walipungua zaidi kidogo ya kilo 1.

Tunao ushahidi mwingine wa karibu zaidi. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi hutafuta chakula porini kwa miguu. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima, na mwaka 2012 wakaandika kwamba wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Ajabu ni kwamba nguvu waliyotumia kwa siku nzima, ikilinganishwa na ukubwa wa miili yao, haikuzidi ile ya watu wa Marekani wanaokwenda kwa magari. Inaelekea kwamba mwili una ubahili wake. Ukitumia nguvu nyingi katika kutembea, unabana matumizi mahali pengine.

Je, tuache kutembea? Hapana. Kutembea hushusha shinikizo la damu, husaidia sukari, huimarisha moyo na mifupa, huleta usingizi, na humzuia aliyepungua asirudi kunenepa. Faida hizo hupatikana hata kama mizani haijasogea. Ila anayetaka kupunguza uzito lazima atembee na pia aangalie sahani na kikombe.

CHAKULA

Anza na sukari. Mtu anayekunywa chai vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, anakula vijiko 9 vya sukari. Kijiko cha chai kina kama gramu 4, na kila gramu ina kalori 4. Akipunguza mpaka kijiko kimoja kwa kikombe, ameacha vijiko 6, yaani kama kalori 96 kwa siku. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 au zaidi, karibu kalori 130. Kwa hiyo mama akitembea dakika 40 halafu akajipongeza kwa soda moja, karibu kazi yote ameirudisha.

Fuata na mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120. Usimimine mafuta kutoka kwenye chupa kwa kukisia, pima kwa kijiko. Maandazi, vitumbua na chapati za kila asubuhi ziwe za siku chache kwa wiki. Siku nyingine kula kiazi cha kuchemsha, muhogo wa kuchemsha au uji usio na sukari nyingi.

Kisha panga sahani. Nusu yake iwe mboga za majani, kama mchicha, matembele, kisamvu au mnafu. Robo iwe maharage, dagaa, samaki au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali, wali au ndizi. Wengi wetu hufanya kinyume, ugali mlima na mboga kijiko. Mpishi ajihadhari na kuonja onja, kwa maana anayeonja mara kumi amekula sahani moja kabla ya kuketi.

Usishinde njaa, wala usinunue vidonge na majani ya kupunguza unene yanayouzwa kwenye mabasi na magulioni.

Lengo la uzito nalo liwe dogo. Kupunguza kilo 5 katika kila 100 kunatosha kuleta nafuu katika shinikizo la damu na kisukari. Kwa mama wa kilo 80, hizo ni kilo 4. Akifika kilo 76, hesabu yake itakuwa 29.7, na atakuwa ametoka katika kundi la unene wa kupita kiasi. Akizipunguza kwa miezi mitatu au minne, amefanya vizuri. Ajipime mara moja kila wiki mbili, asubuhi, kwa mizani ileile. Anayejipima kila siku atasumbuliwa na uzito wa maji tu.

MANENO YA MAJIRANI

Kuna jambo ambalo halisemwi hadharani, nalo huwafanya watu wengi waogope kupungua. Katika jamii yetu, unene umehesabiwa kuwa dalili ya neema na matunzo mema. Mtu akipungua, watu hunong'ona kwamba ana UKIMWI, au kwamba mumewe hamlishi. Mwanamke aliyeanza kutembea vizuri huulizwa, "Shemeji, mbona unakonda, kuna kheri kweli?" Basi kesho yake anaacha.

Jambo hili lina dawa. Waeleze watu wa nyumbani mapema kwamba unapunguza uzito kwa ushauri wa afya. Mume na mke watembee pamoja ikiwezekana. Ukiulizwa, jibu bila kuona haya: "Kheri tu, shemeji. Shinikizo la damu lilipanda, sasa nahesabu hatua. Karibu tutembee." Daftari lako litakuwa shahidi. Lakini kama unapungua bila kutembea na bila kupunguza chakula, au unakohoa, una homa za jioni, kiu kali au unakojoa mara kwa mara, usiseme ni mazoezi. Nenda zahanati ukapimwe mara moja.

TAHADHARI

1. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo kubwa la damu au kisukari amwone tabibu kabla ya kuanza. Asiache dawa kwa sababu anatembea.

2. Anayetumia sindano za insulini au vidonge vya kisukari awe na kitu kitamu mfukoni, sukari isije ikashuka njiani. Akaguwe nyayo zake kila jioni, na avae viatu visivyobana. Asitembee pekupeku.

3. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, simama, pumzika, nenda kituo cha afya.

4. Tembea upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja mbele yako. Giza likiingia, vaa nguo nyeupe.

5. Tembea asubuhi au jioni, na unywe maji.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Jua hatua zako za leo kabla ya kuweka lengo. Ongeza 1,000 kila wiki mbili. Namba 10,000 si sheria. Kifaa ni karani tu, kazi ni ya miguu. Kutembea huleta afya, na kutembea pamoja na kupunguza sukari na mafuta hupunguza uzito. Haraka haraka haina baraka: kilo zilizoingia kwa miaka kumi hazitatoka kwa wiki moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni kazi gani katika kijiji chetu zinazomfanya mtu akae kutwa nzima? Wanaozifanya waongeze hatua wapi?

2. Baba mmoja ana urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 90. Je, yuko katika kundi gani?

3. Kwa nini kihesabu hatua hakiwezi kupima kazi ya mkulima aliyeshika jembe?

4. Tuseme mtu ametembea hatua 4,000 kisha akanywa soda moja. Fanya hesabu, eleza faida gani amepata na ipi amepoteza.

5. Tufanye nini ili anayepunguza uzito kwa kutaka asinyooshewe kidole?

ZOEZI LA NYUMBANI

Kesho asubuhi tia punje 20 mfukoni au fungua kihesabu hatua katika simu yako. Andika hesabu kwa siku saba, tafuta wastani, uulete kikundini. Asiyejua kugawanya asaidiwe na mwenzake. Mkishapata wastani wa kila mmoja, pangeni malengo yenu pamoja, na mchague siku mbili za wiki za kutembea kwa kikundi.

Jibu la swali la pili: 1.70 × 1.70 = 2.89, na 90 ÷ 2.89 = 31. Baba huyo yuko pamoja na mama mwenye duka, nao wakitembea pamoja watafika.